Kuizuia Saratani Kabla Haijauma

Kwetu mtu huhesabiwa mgonjwa pale anapoumwa. Akiwa anakula vizuri, analala na kwenda shamba, basi ni mzima, na ukimshauri aende hospitali kupima atakuuliza apime nini wakati haumwi. Kwa malaria swali hilo halina madhara makubwa, kwa sababu malaria haijifichi. Homa ikipanda kila mtu ndani ya nyumba anajua. Saratani ina tabia nyingine. Aina zake nyingi hukaa mwilini kwa miaka bila kuleta maumivu yoyote, na ni katika miaka hiyo ya kimya ambapo ingeweza kuzuiwa au kuondolewa kwa gharama ndogo. Inapoanza kuuma, mara nyingi imekwisha kuenea.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 Watanzania zaidi ya 40,000 walipatwa na saratani, na karibu 27,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba kwa kila wagonjwa wapya watatu kulikuwa na vifo viwili. Marekani, mwaka huohuo, kwa kila wagonjwa wapya wanne kulikuwa na kifo kimoja hivi. Tofauti hiyo inatokana na mambo kadhaa, yakiwemo aina za saratani zinazotusumbua na uhaba wa mitambo na dawa. Lakini ukiwauliza madaktari wetu watakutajia kwanza jambo moja: wagonjwa wengi wanafika wamechelewa, saratani ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Wengi wetu tunaifahamu Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, katika majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa muda mrefu mgonjwa aliyehitaji tiba ya mionzi, awe anatoka Kagera au Ruvuma, alilazimika kufika pale. Siku hizi Hospitali ya Bugando kule Mwanza, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki inayoendeshwa kwa ubia na serikali, inawahudumia wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa, na KCMC ya Moshi ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Hata hivyo, mtambo wa mionzi hugharimu mabilioni ya shilingi, na kwa aliyechelewa sana kazi yake hubaki kupunguza maumivu tu. Kama nchi tutapunguza mzigo huu, tutaupunguzia zaidi kwenye zahanati, shuleni na jikoni. Ndiyo maana makala hii inahusu yale yanayoweza kufanyika kabla mtu hajafika Ocean Road wala Bugando.

Ugonjwa unaoanza polepole

Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno. Nyingine huzeeka na kufa, nyingine huzaliwa kushika nafasi zao, kila kitu kwa mpango wake. Saratani huanza pale chembe moja inapoharibika katika maagizo yake ya ndani, ikaendelea kugawanyika pasipo kuhitajika, na chembe zinazotokana nayo zikarithi uharibifu uleule. Jambo hili halitokei kwa siku moja. Uharibifu hujilimbikiza kidogo kidogo, na mara nyingi kuna kipindi cha katikati ambapo chembe zimekwisha kubadilika lakini bado hazijawa saratani. Madaktari huyaita mabadiliko ya awali. Tunakuomba ulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Yanayoziharibu chembe hizo yanajulikana kwa sehemu kubwa: moshi wa tumbaku, pombe, miale mikali ya jua, sumu za kuvu kwenye chakula, na virusi kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zote zingeweza kuzuilika kama watu wangekingwa na visababishi vinavyojulikana. Kuhusu tumbaku hatuna haja ya kusema mengi. Kila mvutaji ameshasikia, na tatizo lake si kutokujua.

Saratani ya mlango wa kizazi

Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio yaleyale ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliipata na zaidi ya 6,500 walifariki, yaani wastani wa akina mama 17 au 18 kila siku. Tunaieleza kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu ya ukubwa wake, na pia kwa sababu njia ya kuizuia inajulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Mama anayefariki kwa saratani hii amefariki kwa ugonjwa uliokuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuzuiwa.

Chanzo chake ni virusi vya papiloma, ambavyo wengi huvijua kwa herufi HPV. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyegundua uhusiano huo, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Virusi hivi vina aina nyingi, lakini aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Huambukizwa kwa kujamiiana, na vimeenea kiasi kwamba watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha bila kujua. Kwa kawaida mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wanawake wachache hung'ang'ania, na hapo ndipo mabadiliko ya awali huanza. Kutoka hapo hadi saratani yenyewe hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, hasa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo unaweza kufupika ukawa miaka 5 hadi 10. Kwa jumla wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita zaidi ya wenzao.

Hapa tusimame kidogo. Kwa kuwa virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, wapo wanaodhani saratani hii ni ya wanawake wenye mwenendo mbaya. Dhana hiyo si ya kweli na ina madhara. Mama ambaye maisha yake yote hakumjua mwanaume mwingine isipokuwa mume wake wa ndoa anaweza kuambukizwa na mume huyo, ambaye alivipata miaka kabla ya ndoa na hajawahi kuona dalili yoyote. Kwa sababu ya maneno ya watu, akina mama huficha kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au damu inayorudi baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu usiokwisha kwa dawa. Mwenye dalili kama hizi asingoje siku ya kampeni ya upimaji. Aende kituo cha afya wiki hii, na aseme wazi kinachomsumbua.

Kipimo chenyewe kinawashangaza wengi kwa urahisi wake. Mama hulala kitandani, mhudumu hutumia kifaa cha kupanulia njia ya uzazi ili auone mlango wa kizazi, kisha huupaka siki. Naam, siki ya aina ileile tunayoweka kwenye kachumbari, isipokuwa hii imepimwa nguvu yake kwa ajili ya hospitali. Husubiri kama dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko ya awali hugeuka nyeupe, na isiyo na tatizo hubaki na rangi yake. Hakuna sindano, hakuna kulazwa, na majibu hutolewa palepale. Kama doa jeupe limeonekana na linafaa kwa tiba hiyo, mhudumu aliyefundishwa anaweza kuligandisha kwa baridi kali au kuliunguza kwa joto, kazi ya dakika chache, na mama akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Doa hilo lingeweza kuwa saratani baada ya miaka kumi.

Wanaoshauriwa hasa kupima kwa siki ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, hata kama hawana dalili yoyote, na hasa kama hawana dalili yoyote. Wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi na warudie mara kwa mara. Wauguzi wa kliniki wanakochukua dawa watawaelekeza. Baada ya umri huo sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani zaidi na siki haitoi majibu ya uhakika, kwa hiyo mama mwenye umri mkubwa aulize kipimo kingine. Katika vituo vingi vya serikali huduma hii haitozwi fedha.

Basi kwa nini akina mama wengi hawajapima? Katika mazungumzo yetu parokiani wakati wa likizo tumesikia sababu zilezile. Wengine hawajawahi kuambiwa. Wengine wanaona aibu kuvua nguo mbele ya mhudumu, hasa akiwa kijana wa kiume. Hao tunawaambia kwamba wana haki ya kuomba muuguzi wa kike, na ombi hilo si la ajabu hata kidogo. Wapo wanaoogopa majibu: "Nikiambiwa ninayo, si nitakufa kwa mawazo kabla ya siku zangu?" Hofu hii tunaielewa, lakini imejengwa juu ya kosa, maana kipimo hiki hutafuta zaidi kile ambacho bado hakijawa saratani. Na wapo wanaosema mume hajaruhusu. Kwa akina baba tunaosoma nao ukurasa huu tunasema bila kuzunguka: mpe mkeo nauli, mwachie asubuhi moja, na kama unaweza, mfuatane.

Chanjo na maneno yanayosemwa juu yake

Kabla ya kipimo kuna kinga ya mapema zaidi. Tanzania ilianza kuijaribu chanjo ya HPV mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, na Aprili 2018 ikaanza kuitoa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo umechaguliwa kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na virusi. Haiwezi kuvifukuza vilivyokwisha kuingia. Jirani zetu wa Rwanda walitangulia mwaka 2011, wa kwanza Afrika kuitoa nchi nzima, na wameweza kuwafikia zaidi ya tisa katika kila wasichana kumi waliolengwa.

Kwetu chanjo hii imekutana na maneno. La kwanza ni kwamba inamfungulia binti mlango wa uasherati. Wazazi wanaosema hivyo wana nia njema, na malezi ya usafi wa moyo ni wajibu wao na wetu. Lakini tufikiri pamoja. Binti wa miaka kumi anayechanjwa leo anakingwa na saratani itakayoweza kumpata akiwa na miaka 40, mama wa watoto, katika ndoa aliyoingia akiwa msafi. Chanjo haimfundishi tabia yoyote, kama vile chanjo ya pepopunda haimfundishi mtu kukanyaga misumari. Tena yupo binti anayebakwa. Je, naye tumwambie kinga yake ilikuwa ni tabia njema?

La pili ni kwamba chanjo inaharibu uzazi. Imekwisha kutolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani tangu mwaka 2006, na ufuatiliaji uliofanywa haukuonyesha kwamba inawafanya wagumba. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe. Mwanamke anayegundulika nayo mara nyingi huondolewa kizazi au hupigwa mionzi inayomaliza uwezo wake wa kuzaa, ikiwa amebahatika kufika wakati ugonjwa bado unatibika.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika walau mara mbili, wakiwa na miaka 35 na 45, na 90 katika kila 100 waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba hayo matatu yanakwenda pamoja. Aliyechanjwa bado anatakiwa kupima akifikia umri, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya virusi hivyo.

Titi, na uvimbe usiouma

Kwa saratani ya titi hatuna kipimo rahisi kama siki. Mashine za eksirei za matiti zipo katika hospitali chache za miji mikubwa. Kinachobaki kwa mama wa kijijini ni kulijua titi lake mwenyewe, kutambua kinapotokea kitu ambacho hakikuwepo, na kwenda kuchunguzwa na mhudumu bila kuchelewa. Atazame kama kuna kivimbe kigumu kwenye titi au kwapani, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu. Kosa la kawaida ni kusema "hakiniumi". Uvimbe wa saratani ya titi mwanzoni huwa hauumi, na kwa hiyo kutouma si dalili ya usalama. Wanaume nao, ingawa ni wachache, hupata saratani hii.

Tuongeze la faraja na la tahadhari. La faraja ni kwamba vivimbe vingi vya titi, hasa kwa wasichana, si saratani. La tahadhari ni kwamba hakuna anayeweza kulijua hilo kwa macho au kwa kugusa tu. Lazima kinyama kidogo kichukuliwe na kuangaliwa maabara kwa darubini. Kwa hiyo ukikatwa uvimbe wowote, wa titi au wa mahali pengine, uliza: kinyama kinapelekwa maabara gani, na majibu nifuate lini? Uvimbe ukikatwa na kutupwa, mgonjwa hurudi nyumbani akidhani amepona, na baada ya mwaka saratani inarudi ikiwa kubwa kuliko mwanzo.

Wanaume, ambao hupenda kudhani kwamba kliniki ni mambo ya akina mama, wana yao: tezi dume, inayoongoza kwa saratani za wanaume nchini. Nayo huanza kimya. Kukojoa kwa shida uzeeni mara nyingi ni tezi iliyovimba tu, lakini inaweza kuwa saratani, na kutofautisha kunahitaji daktari. Kinachowakimbiza wazee wengi ni habari ya kidole. Wamesimuliana kijiweni hadi imekuwa hadithi ya kutisha. Wajue kwamba kuna kipimo cha damu kinachoweza kutangulia, na kwamba hicho kidole kinachukua muda mfupi kuliko hadithi zake. Aliyefikisha miaka 50 azungumze na daktari, na ambaye baba au kaka yake aliugua aanze mapema zaidi.

Saratani za ghalani, jikoni na ziwani

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Hao walikufa kwa haraka kwa sababu kiasi kilikuwa kikubwa. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakiui upesi. Huharibu ini taratibu, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na kupika hakuimalizi. Basi kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo, kuyaweka ghala lenye hewa juu ya vichanja, na kuchambua punje zilizooza ni kinga ya saratani, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Punje mbovu tunazozitenga wengi huwapa kuku au huzitengenezea pombe, na hapo sumu inaturudia kwa mlango wa nyuma. Kuhusu virusi vya homa ya ini B, watoto wetu wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2002. Sisi watu wazima tuliozaliwa kabla ya hapo tunaweza kupima na kuchanjwa.

Ukanda huu wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi kusini, unasumbuliwa mno na saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Visababishi bado vinachunguzwa, lakini pombe na tumbaku vimo, na mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliorodhesha vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, miongoni mwa vinavyoelekea kusababisha saratani hii. Ushauri wake ni mwepisi hata kuliko wa siki: iache chai ipoe kidogo. Na mtu ambaye chakula kimeanza kumkwama, kwanza ugali, baadaye hata uji, asiendelee kusukumia kwa maji.

Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho. Mayai ya vimelea vyake yakikaa kwenye kibofu kwa miaka huweza kuleta saratani ya kibofu. Damu katika mkojo, ambayo wapo wanaoiona ya kawaida kwa wavulana, si ya kawaida, na vidonge vya kichocho hugawiwa shuleni kwa sababu. Na mtoto anayevimba taya ghafla asiishie kung'olewa jino. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1958 saratani ya watoto inayoanza hivyo, na hadi leo tunayo. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahi.

Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi, na wengi huanza kupata madoa na vidonda wakiwa bado vijana. Pale KCMC hutengenezwa mafuta maalumu ya kuzuia jua kwa ajili yao, yaitwayo Kilisun. Mafuta peke yake hayatoshi kama shule inamlazimisha mtoto kuvua kofia paredi, au inampa zamu ya kufyeka nyasi saa sita mchana. Kwa walimu, na kwa walezi wa seminari vilevile, hilo ni jambo la kurekebisha bila bajeti yoyote.

Lazima tuseme pia kwamba si kila saratani inazuilika. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999 kule London kwa saratani ya damu, na hakuna kati ya haya tuliyoeleza ambalo lingeizuia. Mgonjwa wa saratani asihojiwe alikosea wapi.

Safari kati ya kugundua na kutibiwa

Mtu akishagundua dalili, bado anaweza kuchelewa miezi mingi. Wengine huanzia kwa mganga wa kienyeji, wanachanjwa chale na kupewa dawa za kunywa. Wengine huenda kwenye mikutano ya maombezi na kuambiwa wamekwisha kupona, waache dawa. Hili linatuhusu moja kwa moja sisi tunaojiandaa kwa huduma ya kichungaji. Kanisa humpa mgonjwa Sakramenti ya Mpako huku likimwacha mikononi mwa daktari, na Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anaweka sala na tabibu mahali pamoja. Mgonjwa akituambia ameacha tiba kwa ajili ya sala, jibu letu liwe kumrudisha hospitali na kuendelea kusali naye.

Wengine huchelewa kwa umaskini tu. Anapewa karatasi ya rufaa zahanati, anakwenda wilayani, wilayani wanamwandikia mkoani, mkoani wanasema Mwanza au Dar es Salaam. Kila hatua ina nauli, malazi na siku za kutolima, na mahali fulani njiani karatasi inawekwa chini ya godoro. Hapa jumuiya ndogo ndogo na WAWATA wanaweza kufanya kitu ambacho hospitali haiwezi: kujua kwamba mama fulani alipewa rufaa mwezi uliopita na hajaondoka, na kuuliza amekwama wapi. Mara nyingi amekwama kwenye nauli ya basi na mtu wa kumwangalizia watoto.

Paroko anayetaka kuandaa siku ya upimaji aanze kwa kumwona mganga mkuu wa wilaya, ambaye anajua wauguzi gani wamefundishwa kupima kwa siki na kama kifaa cha tiba ya siku hiyohiyo kipo. Kisipokuwepo, ipangwe mapema waliokutwa na tatizo wapelekwe wapi na kwa usafiri gani, na majina yao yafuatiliwe kwa siri hadi watibiwe. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na mwanga wa kutosha. Tangazo litolewe Jumapili mbili mfululizo, na lisomwe na mama mmoja wa parokia aliyekwisha kupima mwenyewe. Binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hakuwepo shuleni siku ya chanjo anaweza kupelekwa zahanati iliyo karibu, akiwa na kadi yake kama ipo.